Haki ya Mwana wa Kati Katika Kihamba cha Baba



Liko swali ambalo watu wa mlimani huulizana kila linapoondoka tanga, nalo ni hili: baba akifa akaacha wana wanaume watano na kihamba kimoja, je, wale watatu wa katikati, ambao ada haiwapi fungu katika kihamba hicho, wamedhulumiwa au hawakudhulumiwa? Wapo wasemao kuwa ada ni ada, na aliyeikuta hana ruhusa ya kuipima. Na wapo wasemao kuwa ada hiyo ni dhulma tupu tangu siku iliyoanzwa. Kauli zote mbili ni za watu wenye haraka.

Yapasa kwanza kujua mambo yalivyokuwa. Mwika iko upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro, ukipita Marangu na Mamba, kabla hujaingia Rombo. Huko mtu hakai kijijini akaenda shambani. Hukaa ndani ya shamba lake. Nyumba imezungukwa na migomba, juu ya migomba iko miti mikubwa ya kivuli, na chini yake mibuni na magimbi. Ng'ombe hafunguliwi kwenda malishoni, bali hufungwa na kuletewa majani na mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, na samadi yake hurudishwa migombani. Maji hushuka kutoka juu kwa mfongo uliochimbwa na wazee, na kila nyumba ina zamu yake. Mpaka hupandwa isale, jani lile lile ambalo mwenye kosa humpelekea aliyemkosea ili kuomba msamaha, na ni aibu kubwa kulikataa. Tena humo humo ndimo yalimo makaburi ya mababu. Basi asemaye kuwa kihamba ni ardhi tu, kama kiwanja cha mjini, hajafahamu kinachogombewa.

Ndani ya kihamba hicho ndugu walikua pamoja. Wa kwanza alimfuata baba kwenda kuzibua mfongo, akajifunza majina ya waliouchimba na zamu za majirani. Wa pili na wa tatu walibeba samadi, wakalinda ulezi usiliwe na ndege, wakateremka hata mashamba ya chini, kwenye joto, kisha wakapanda tena jioni na mizigo vichwani. Wa nne alikwenda nyuma yao akilia kwamba wanamwacha. Na wa mwisho alibaki na mama jikoni, akapewa maziwa ya mwanzo, na kaka zake wakamcheka kwa hilo. Akichinjwa mnyama, nyama haikugawiwa ovyo. Kila mmoja alijua kiungo chake kwa daraja ya kuzaliwa kwake. Kwa hiyo mtoto alijua mahali pake kabla hajajua kuhesabu. Huenda hapana aliyeona uchungu, au aliyeuona hakuusema. Lakini lililo yakini ni kwamba jasho la wote watano liliingia katika udongo mmoja, wala migomba haikubagua samadi ya nani imeistawisha.

Ada ilisema hivi: mwana wa kwanza hupewa kihamba na baba yake anapooa, na mwana wa mwisho hukaa na wazazi, akawatunza, na wakifa akarithi nyumba na kihamba cha nyumba. Na wa kati je? Ada haikuwasahau, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Baba alipaswa kuwatafutia pori lisilo mwenyewe, kwa idhini ya mangi na wakubwa wa ukoo, nao wakapanda migomba yao, wakawa waanzilishi wa vihamba vyao. Mwana wa kati hakunyimwa ardhi. Alinyimwa ile ardhi moja tu, akapewa nyingine yenye taabu zaidi na uhuru zaidi. Na huenda baadhi yao waliwashinda kaka zao.

Basi ada ile ilikuwa imesimama juu ya nguzo, na nguzo hiyo ni pori. Kisha pori likaisha. Wadachi walipoutawala mlima waliwapa walowezi mashamba makubwa kwenye miteremko ya chini, na Waingereza waliowafuata hawakuwarudishia wenyeji yote. Kahawa, iliyoingia kwa wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea katika vihamba. Mwaka 1925 wakulima wakafanya chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Ardhi iliyokuwa ikilisha watu sasa ikaleta fedha, na kilicholeta fedha hakiachwi kirahisi. Watu nao wakazidi. Hesabu ya mwaka 2022 iliona katika mkoa wa Kilimanjaro watu zaidi ya milioni 1 na laki 8. Umangi nao ulifutwa baada ya uhuru wa 1961, hata yule aliyekuwa akiombwa pori hayupo.

Wanavyuoni husema kuwa hukumu huifuata sababu yake, ikiwapo huwapo na ikiondoka huondoka. Ada iliyosema, "Wa mwisho abaki, na wa kati atafutiwe," leo imebaki nusu yake ya kwanza tu. Mwenye kuishika nusu hiyo akasema anafuata wazee, hawafuati wazee. Amechukua neno lao lenye faida kwake, akaliacha lenye gharama. Hiyo ndiyo dhulma, na haikuanza na wazee.

Wengi wa watu wa Mwika ni Wakristo wa Kilutheri, na mirathi yao ina njia zake. Ama kwa Mwislamu, fungu limekwisha kugawiwa katika aya ya 11 na ya 12 ya sura ya An-Nisaa: wana wanaume wote ni sawa, wa kwanza na wa mwisho, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake, na mjane ana thumuni. Binti huyu ada haikumtaja kabisa, naye alibeba majani kuliko kaka zake wote. Wala usia wa baba kwamba kihamba ni cha mwana fulani haumfai mwana huyo, kwa kuwa hapana wasia kwa mrithi ila wenziwe wakiuridhia baada ya kifo.

Lakini chukua ekari mbili, mjane mmoja, wana watano na mabinti wawili. Toa thumuni ya mama. Itabaki ekari moja na robo tatu, igawiwe mafungu kumi na mawili. Kila mwana atapata zaidi kidogo ya robo ya ekari, na kila binti nusu ya hiyo. Nyumba iko kwa nani? Mfongo upite kwa nani? Makaburi je? Hapa mtetezi wa ada hucheka akasema: "Sheria yenu imekiua kihamba."

Mcheko huo ni wa asiyesoma mlango wa kugawana. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa sana katika madrasa za pwani, ameeleza kuwa kitu ambacho kukigawa kunakiharibu, mshirika halazimishwi kukigawa. Tena ametaja shamba lenye kisima au mti upande mmoja, usiogawika, ambapo achukuaye upande huo humlipa mwenziwe, nayo haiwi ila kwa ridhaa yao. Haki ni katika thamani. Haikuandikwa kwamba kila mmoja apewe kipande cha udongo. Basi na abaki mmoja kihambani, awalipe wenziwe kidogo kidogo kwa mapatano yaliyoandikwa. Au kibaki cha wote na mavuno yagawiwe.

Hapo wa mwisho atasema: "Mimi niliwauguza wazazi, nanyi mlikuwa Moshi na Dar es Salaam." Naye wa kati atajibu: "Nami nilibeba samadi miaka kumi, wewe ukinywa maziwa." Kwa madhehebu ya Shafi, aliyefanya kazi bila kutajiwa ujira hana ujira wa kudai, na mlango huo umefungwa kwa wote wawili. Lakini kazi isiyodaiwa kwa kadhi si kazi isiyokuwapo. Kuwatunza wazazi lilikuwa deni la watoto wote, na mmoja alilibeba pekee. Hao wengine wakilipima fungu lake kwa uzi, hali walimwachia usiku wote wa ugonjwa, wamepata haki yao na wamekosa haya. Kadhalika naye, akiukana mzigo wa kaka zake kwa kuwa ulibebwa zamani, amekana kwamba migomba anayoila ina historia.

Mwenye uwezo wa kuyasema haya bila kutukanwa ni mmoja tu, naye ni baba angali hai. Nuuman bin Bashir alipopewa na babaye kitu ambacho nduguze hawakupewa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akatakiwa kushuhudia, aliuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake, na alipoambiwa sivyo, hakukubali kushuhudia. Mashafi wamesema kubagua bila sababu ni makuruhu, na wengine wamesema ni haramu. Ikiwa iko sababu, kama huyo aliyebaki kuuguza, baba na aiseme mbele ya wote watano na dada zao, kihambani, watu wakiwa wazima na mahesabu yakiwa wazi. Baba wengi hawasemi. Huona kuwa kutaja kifo ni kukiita, hukaa chini ya migomba wakitazama maji ya mfongo yakipita, na kila mwana hudhani moyoni mwake kwamba baba anamwazia yeye.