Nia Haifuti Deni

Katikati ya Bahari ya Atlantiki, baina ya Afrika na Brazili, kipo kisiwa cha volkano kiitwacho Ascension, na juu ya mlima wake, ambao kimo chake ni mita 859, humea kangaga dogo lenye majani ya sentimita chache tu, Stenogrammitis ascensionensis, ambalo kiasili halipatikani penginepo duniani. Mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alipofika huko mwaka 1843 aliukuta mlima hauna miti; naye mwaka 1847 akatoa shauri ipandwe miti ya kigeni, ili inase unyevu wa mawingu na askari wa Kiingereza wasitaabike kwa kiu. Shauri likafuatwa, na msitu wa mawingu ukasimama kwa kazi ya mikono ya wanadamu. Kangaga hilo, lililozoea majabali yenye kuvumwani, sasa laishi juu ya magome ya miti hiyo ya wageni; hali jamaa yake, Dryopteris ascensionis, limekwisha kutoweka.

Mpandaji alikusudia maji. Hakukusudia kumhifadhi huyu wala kumwangamiza yule. Je, ahukumiwe kwa lipi? Ada yetu wanadamu ni kujisifu kwa kheri tusiyoinuia, na shari tusiyoinuia kuikana kwa kusema kwamba hatukukusudia. Na mizani ya namna hiyo haina uadilifu. Sharia ya Kiislamu, ijapokuwa huzipima amali kwa nia, haimwachi aliyeua kwa kukosea akaenda zake: dhambi ya kusudi haimpati, lakini diya, yaani fidia ya damu, na kafara hulazimu. Kwa fahamu yangu, maana yake ni kwamba nia njema humtakasa mtendaji, wala haiondoi haki ya aliyedhurika. Kheri isiyokusudiwa ni fadhila ya Mola, tuishukuru bila ya kuidai. Shari isiyokusudiwa ni deni, tulilipe.

Wala deni hili halilipwi kwa kuung'oa msitu wote, maana huko kungekuwa kumdhulumu mpangaji kwa kosa la mwenye nyumba. Hulipwa kwa subira, kama walivyofanya waliolilea kangaga jingine la kisiwani, Anogramma ascensionis, lililodhaniwa limekwisha hata likaonekana tena mwaka 2009. Na kwa lile lisilorudi tena, tukumbuke kwamba diya haipokewi na maiti. Hupokewa na warithi wake, na warithi wangali hai mlimani.