Unahodha na Ubaharia



Wazee wa pwani walituachia usemi: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Kwetu sisi tunaokaa karibu na delta ya Rufiji, ambako majahazi yamepakia boriti za mikoko tangu zamani, usemi huu hauhitaji kufafanuliwa. Lakini yafaa tujiulize: nahodha aliyekuwa baharia ana deni gani kwa mabaharia? Je, ni lazima awape kila wanalotaka? Na kama si lazima, ni kitu gani asichopaswa kuwanyima?

Yuko mtu mmoja katika historia ya nchi yetu ambaye maisha yake yatatusaidia kulipima jambo hili, naye ni Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926 katika wilaya ya Songea ya siku zile, akasoma Tabora, kisha akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni na kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika. Vyama vya wafanyakazi vilipoungana mwaka 1955 katika shirikisho la TFL, alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Zamani hizo mtumishi wa serikali alikatazwa kuingia katika siasa; basi mwaka 1956 Kawawa aliacha kazi na mshahara wake ili awe huru kusema.

Waliombeba mabegani walikuwa makuli wa bandarini, watu wa reli, vibarua wa mkonge na watumishi wa majumbani. Hawakuwa na fedha wala elimu kubwa. Nguvu yao ilikuwa moja tu, nayo ni kuweka kazi chini kwa pamoja. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata, Januari 1962, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu, na Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwaka huo huo serikali yake ilipitisha sheria iliyotaka kila ugomvi wa kazi upelekwe kwanza kwa wasuluhishi na kisha katika baraza la kuamua, hata njia ya kugoma kihalali ikawa kama imezibwa. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya mwezi wa Januari, viongozi kadhaa wa wafanyakazi waliwekwa kizuizini, vyama vikavunjwa, kikaundwa chama kimoja, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe.

Tusiwe wepesi kuhukumu. Kawawa hakuwa mtu wa kung'ang'ania kiti. Desemba 1962 Mwalimu aliporudi kuongoza akiwa Rais, alimpisha bila manung'uniko. Serikali yake ilipandisha kima cha chini cha mshahara, ikaweka sheria ya malipo kwa mfanyakazi anayeachishwa kazi. Angekuwa mlafi, kisa chake kisingetufundisha jambo. Tungesema ulafi ndio ulioharibu, tukaishia hapo.

Tena walikuwa na hoja. Wenye mshahara walikuwa wachache, na wakulima walikuwa wengi. Mkulima wa mpunga hapa Rufiji hana mtu wa kumgomea. Akilaza jembe, anayelala na njaa ni yeye na watoto wake. Je, ilikuwa haki kuli aongezwe mshahara kila mwaka kwa kutishia kugoma, na mkulima asibakiwe na kitu?

Hoja hii ina uzito, lakini inajibu swali la mshahara tu. Kiongozi aweza kumwambia mwenzake wa zamani, "Nyongeza hii hatuiwezi." Huko si kumsaliti. Lakini kumwondolea njia ya kusema "hatukubali" ni jambo jingine, maana ndiyo njia iliyomleta kiongozi huyo pale alipo.

Wakulima wa Rufiji walionyesha thamani ya njia hiyo. Katika uchaguzi wa 1965 Bibi Titi Mohamed, aliyewaita wanawake wa nchi hii katika TANU na ambaye jina lake lilijulikana kila mahali, aligombea hapa Rufiji, akashindwa. Hatusemi kama walifanya vema au vibaya. Twasema tu kwamba mtu mdogo alikuwa na karatasi yake ya kura, na mkubwa alilazimika kumsikiliza. Kuli wa bandarini miaka hiyo hakuwa tena na kitu kama hicho mbele ya mwajiri wake. Haki ya kugoma iliwekwa wazi katika sheria ya ajira ya mwaka 2004, yenye masharti yake. Mzee Kawawa aliishi kuiona. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tuliyaona haya kwa udogo wake. Mwanachuo huchaguliwa kiranja kwa kuwa hodari wa kulalamikia maharage mabovu. Akishapewa funguo za stoo, wenzake wakilalamika huwaita wakorofi. Hali kadhalika katika ushirika, katika chama cha walimu, na hata katika halmashauri ya kanisa.

Basi, tunapomchagua mwenzetu, tusimdai atupe kila kitu. Tumdai jambo moja: mlango alioingilia yeye auache wazi, hata siku tutakapoupitia tukienda kumpinga.