Nguvu Si Hoja ya Kuchinja

Sili nyama. Nimezaliwa Upare katika familia ya Wasabato, kwenye milima ile ambako mwaka 1903 wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo cha kwanza cha kanisa letu katika nchi hii, kwa hiyo habari ya kuacha nyama nimeisikia tangu utotoni, kwenye makambi ya kanisa na mezani. Sasa nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari Dar es Salaam, nawanoa wasichana wa mbio za kati na ndefu kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na Jumapili nakimbia na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Wanafunzi, wazazi wao na wenzangu wa klabu wote huniuliza swali moja: bila nyama, mtu wa mazoezi atapata wapi nguvu?

Ndani ya swali hilo yamefungwa maswali mawili. Moja ni la mwili, na sayansi imeshalijibu kwa sehemu kubwa. Jingine ni la dhamiri: ikiwa mwili unaweza kukimbia bila nyama, ni sababu gani nyingine inayotosha kumchinja mnyama? Naona tunalishika sana la kwanza ili tusifike kwenye la pili.

Nianze na supu. Tukimaliza mzunguko wetu wa Jumapili, wengi huelekea moja kwa moja kwa muuza supu: makongoro, chapati mbili, ndimu, pilipili. Wanaamini kwamba supu inarudisha nguvu zilizotoka na jasho, na kwamba mguu wa ng'ombe unaimarisha mguu wa mtu. Maji na chumvi vya supu ile vinamfaa kweli aliyetoka jasho. Lakini protini yake kwa sehemu kubwa ni jelatini, inayotoka kwenye ngozi, kano na mifupa, na jelatini haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi za amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Aliyekula sahani ya maharage amepata zaidi cha kujengea misuli kuliko aliyemaliza bakuli la mchuzi wa kwato. Kinachowaita watu pale, nadhani, ni lile benchi: kukaa bega kwa bega, kusimuliana mbio, kulipiana. Hilo nalipenda, nami hukaa nao na chai yangu na mihogo.

Sasa tuwatazame wanaokimbia kutupita sisi sote. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa chakula cha wakimbiaji 10 wa Kikalenjin, wa daraja la juu kabisa, waliokuwa kambini Kenya. Kila walichokula na kunywa kilipimwa kwa wiki nzima. Asilimia 86 ya nishati yao ilitoka kwenye mimea: ugali, wali, mkate, viazi, kabichi, maharage, na sukari nyingi ya kwenye chai. Protini ilikuwa asilimia 10 tu ya nishati. Nyama ya ng'ombe ilikuwepo, kidogo, siku chache katika wiki, na chai yao ilikuwa ya maziwa. Mtu asiyegusa chochote cha mnyama hawezi kuwadai hao kuwa wake, wala muuza nyama choma hawezi. Wanakula wanavyokula wakulima na wafugaji wa kwao, na wanawashinda watu waliolelewa kwa nyama asubuhi, mchana na jioni.

Kwetu Upare tuna makande. Mahindi yana upungufu wa lisini, maharage yana lisini kwa wingi. Maharage yana upungufu wa methionini, mahindi yanayo. Bibi zetu walivipika katika chungu kimoja bila kujua majina hayo. Chukua mkimbiaji wa kilo 60. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, tuchukue 1.4, tupate gramu 84. Gramu 300 za mahindi makavu zina protini gramu 27 hivi, gramu 200 za maharage makavu zina 44, na gramu 50 za karanga zina 13. Jumla ni 84. Ni chakula kingi, cha kugawa katika milo ya siku nzima, lakini mkimbiaji anahitaji chakula kingi hata hivyo, na hapo hatujahesabu mchicha wala parachichi.

Ningeishia hapo ningekuwa mhubiri, tena wa aina inayonisikitisha. Mimea haina vitamini B12 ya kutegemewa. Hutengenezwa na bakteria, nayo hutufikia kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa, au kidonge, au chakula kilichoongezewa. Ini huweka akiba ya kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana mtu aweza kuacha vyote akajisikia mzima kabisa, huku mishipa yake ya fahamu ikielekea kuumia. Kuna mifupa pia. Utafiti mkubwa wa Uingereza, wa kundi la EPIC-Oxford, ulionyesha mwaka 2020 kwamba wasiokula chochote cha mnyama walivunjika mifupa zaidi ya wala nyama. Na kuna madini ya chuma. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Ndimu au chungwa hukisaidia.

Hapo kwenye chuma ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu nafundisha wasichana. Msichana wa kidato cha tatu yuko kwenye hedhi, anakimbia kila alfajiri, anakula ugali na maharage ya bweni, na anateremshia chai ya rangi. Kwa miezi anakwenda vizuri. Kisha anaanza kuhema mapema, muda wake wa mbio unarefuka, na ukigeuza kope yake kwa ndani unakuta weupe. Huyo namwambia aende zahanati akapimwe damu. Nikimwona mzazi wake simfundishi Mwanzo sura ya kwanza, ile ya mbegu na matunda. Namwambia: mpikie dagaa, mpe yai, ndimu iwepo mezani, chai isogezwe mbali na chakula. Naye mzazi akiniuliza, "Lakini Mwalimu, wewe si huli nyama?" namjibu kwamba mimi ni mtu mzima, nimeshakua, nina mshahara na kidonge changu cha B12, na niliamua mwenyewe. Mtoto hajaamua. Sahani isiyo na nyama kwa sababu fedha haikutosha haina fungu katika mambo ya ibada, na kuisifia ni kumnyima mtoto mara mbili.

Kanisani kwetu ushahidi wa afya unapendwa sana. Utafiti wa Loma Linda, Marekani, uliofuata Wasabato zaidi ya 73,000, ulionyesha mwaka 2013 kwamba wasiokula nyama, au walioila kwa nadra, walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12 hivi. Ni habari njema nami naifurahia. Lakini hao ni watu wenye kliniki karibu, maduka yaliyojaa na vyakula vilivyoongezewa virutubisho. Siwezi kuichukua namba yao nikaipachika kwenye bweni la wasichana wa Kitanzania.

Tena hata historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba afya haikutosha. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, alianza kufundisha matengenezo ya afya mwaka 1863. Kwa miaka mingi baada ya hapo aliendelea kula nyama mara moja moja, safarini au palipokosekana kingine. Aliiondoa kabisa mezani mwake mwaka 1894, akiwa Australia, na mwenyewe aliandika kilichomgusa: mwanamke Mkatoliki alipiga magoti mbele yake na kumweleza ubinafsi wa kuua viumbe kwa ajili ya kuridhisha ulimi. Aliona aibu. Miaka 31 ya mafundisho ya afya, kisha mwanamke wa kanisa jingine akaifikisha dhamira yake mwisho kwa neno la huruma. Makambini sisikii kisa hiki kikisimuliwa sana. Ningependa kisimuliwe.

Husimuliwa Danieli. Vijana wanne, siku kumi za mboga na maji, nyuso zinang'aa kuliko za wenzao. Wahubiri huwafanya tangazo la lishe. Danieli hakuwa akitafuta misuli. Aliwekewa posho ya mfalme aliyeuteka mji wake, naye akaweka moyoni asijitie unajisi kwa chakula hicho. Swali lake lilikuwa ni la nani anayemlisha, na kwa kula chakula hicho anakubali nini. Uso kung'aa kulikuja baadaye, kama rehema.

Mwenyekiti wa klabu yetu ni Mwislamu, mtu wa Tanga, fundi seremala, na mimi na yeye tumeyazungumza haya mara nyingi kwenye lile benchi la supu. Siku moja aliniambia: "Mwalimu, mimi Mungu amenihalalishia, nami siwezi kuharamisha alichohalalisha." Nikamwambia simwombi aharamishe. Nikamuuliza sheria inasemaje juu ya kisu. Akanieleza kwa utaratibu, maana baba yake alikuwa mchinjaji wa mtaa: kisu kinolewe vizuri, kisinolewe mbele ya mnyama, mnyama asichinjwe mwenzake akiona, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe. "Kwa nini afichwe kisu?" nikauliza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa sababu anajua, Mwalimu."

Jibu hilo limekuwa msingi wa fikira zangu tangu siku ile. Dini inayomficha mnyama kisu imekiri kwamba kuna uhai pale, na hofu, na uhai huo una mwenyewe. Anayetaja jina la Mungu kabla ya kukata anaomba idhini ya kutwaa kisicho chake. Katika Mwanzo ni vivyo hivyo: mwanzoni binadamu anapewa mbegu na matunda, nyama inakuja baada ya gharika, na hata wakati huo damu inakatazwa. Katika mapokeo yote mawili nyama ni ruhusa, na ruhusa huombwa kwa sababu inayostahili.

Basi, sababu ipi inastahili? Mfugaji wa Simanjiro, ambako mvua haitoshi kulima mahindi ya kutegemewa na nyasi ndizo zinazoota, anakula kile ambacho nchi yake inampa, naye akiacha ng'ombe ataishi kwa kununua. Sina la kumwambia. Mama anayemjengea damu bintiye ana sababu. Jirani anayegawa nyama ya Idi, akaleta fungu kwa mjane asiyeonja nyama mwezi mzima, ana sababu, na mimi ningeona haya kumsimamia mlangoni na asilimia za Loma Linda. Lakini mtu mzima wa mjini, mwenye maharage, karanga, maziwa na mayai ya kutosha, anayemaliza kuku mzima wa kisasa baada ya gym, kuku aliyebanwa bandani na kuchinjwa akiwa na wiki tano au sita, akaniambia ni kwa ajili ya nguvu, huyo hasemi kweli. Nguvu angezipata kwingine. Anakula kwa sababu ni tamu. Aseme hivyo, kisha ajiulize kama utamu unatosha. Mimi nimejiuliza na nimeona hautoshi, ndiyo maana sili.

Sidhani kwamba jambo hili linanipandisha daraja. Paulo, akiwaandikia Warumi, anamweka mla mboga upande wa walio dhaifu wa imani, kisha anakataza pande zote mbili zisidharauliane. Nasoma sura ile ya 14 nikiwa upande wa mboga na naipokea. Hata Abul Ala al-Maarri, mshairi kipofu wa Syria aliyefariki mwaka 1057, ambaye hakula nyama wala mayai, wala maziwa, wala asali, alipoandikiwa na mwanachuoni mkuu wa dola ya Fatimiya kule Misri ajieleze, hakutaja huruma kwa viumbe peke yake. Alitaja pia kipato chake: dinari ishirini na kitu kwa mwaka, sehemu kubwa ikienda kwa mtumishi wake, kwa hiyo dengu na kunde zikamtosha. Nampenda kwa jibu hilo. Alijua kwamba katika sahani ya mtu mmoja huruma na umaskini huweza kukaa pamoja, na hakudai kwamba yote ilikuwa huruma.

Msimu wa makambi uko mbele yetu. Ninawaomba wachungaji na walimu wa afya: mkifundisha kuacha nyama, fundisheni siku hiyohiyo habari ya B12, ya ndimu na chuma, na ya chai kukaa mbali na chakula. Semeni wazi kwamba fundisho hili ni la mtu mzima mwenye cha kuchagua. Na mama akija na bakuli la dagaa kwa ajili ya mwanawe, msimwangalie vibaya.