Unakwenda Wapi Saa Nane Usiku?

Fundi alilaza mabomba matatu juu ya turubai, kama mama anayepanga sangara sokoni, akaniambia nichague. Gereji iko Nyakato, kwenye vumbi na milio ya gurainda, na nilikuwa nimeshakwenda pale mara nne bila kuamua. Mara ya tano akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyechoka, kama huko chuoni tunafundishwa kuchagua au kufikiri tu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya zamani, injini ya EJ20 yenye tabo. Nililinunua kwa binamu yangu kwa bei ya undugu, maana yake nililipa kwa awamu na hadi leo ananidai. Bomba la moshi lilikuwa limeoza, kwa hiyo kulibadilisha ilikuwa lazima. Mjadala ulikuwa kuhusu lipi.

La kwanza lilikuwa bomba tupu la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, bila masega, bila sailensa. La pili lilikuwa na upana huohuo, lakini lina masega na sailensa kubwa nyuma. La tatu lilikuwa la ujanja: njia inagawanyika, moja inapita kwenye sailensa na nyingine iko wazi, na katikati kuna kifuniko unachokifungua kwa swichi ukiwa umekaa kwenye usukani. Ukitaka upole, unafunga. Ukitaka mji ujue umepita, unafungua.

Vijiweni utaambiwa injini lazima ibanwe kidogo nyuma ili iwe na nguvu. Fundi wangu hucheka akisikia hivyo. Kwa injini ya tabo, vizuizi vikipungua baada ya tabo, hewa chafu inatoka vizuri zaidi. Lakini naye hakunificha kwamba ukiondoa kila kitu, kile kimlango kinachoipunguzia tabo presha kinaweza kuzidiwa, presha ikapanda kuliko injini ilivyopangiwa, na gharama inakuja kwenye pistoni. Masega nayo si pambo. Yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kugeuza sumu kama kaboni monoksaidi kuwa kitu chenye madhara madogo kabla hakijafika puani mwa anayetembea kwa miguu. Wengi huyatoa na kuyauza.

Nikapiga hesabu nikaona kwamba kwa barabara zetu, zenye matuta na bodaboda, tofauti ya nguvu kati ya bomba la kwanza na la pili nisingeihisi. Nilichokuwa nachagua ni sauti.

Na sauti ile, niseme ukweli, ni nzuri. Injini ya Subaru imelala, pistoni zake zinatazamana, na katika injini hizi za zamani mabomba yanayotoka kwenye silinda hayalingani urefu. Pumzi za injini zinafika mahali pamoja kwa kupishana, nyingine ikichelewa kidogo, na huko kuchelewa ndiko kunakozaa ule mngurumo wa kudundadunda. Binamu yangu aliujua kwenye mikanda ya Safari Rally ya Kenya, Colin McRae aliposhinda na Impreza mwaka 1997, kisha Richard Burns mwaka 2000. Mimi niliujua kwake, nikiwa mtoto nimekaa kiti cha nyuma, nikiamini kuwa hivyo ndivyo mtu mzima anavyosikika.

Naishi Kitangiri, chumba kimoja kwenye mteremko wa mawe. Mawe yetu ya Mwanza ni mazuri kwenye picha, lakini usiku yanarudisha sauti kama yamechokozwa. Ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupaa inapinda kurudi chini na kusafiri mbali. Jirani yangu wa ukuta ni mzee aliyevua dagaa kwa miaka mingi. Asubuhi moja, bomba langu bovu likiwa limeshatoboka, nilimkuta ameketi mlangoni.

"Mwangaluka, babu."

Akaitikia, akaniuliza habari za masomo, za nyumbani, za mama. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, gari lako linaniamsha saa nane usiku. Sikukatazi. Nauliza tu, unakwenda wapi saa nane?"

Sikuwa na jibu. Huwa siendi popote. Natoka Capri Point kupiga soga na wenzangu, nazunguka Barabara ya Kenyatta, narudi.

Akaniambia kwamba ziwani, siku za giza, karabai zikiwa zimewashwa, walikuwa wanatambuana kwa injini. Huyu ni fulani anarudi, yule mashine yake inakohoa, na mashine ikinyamaza ghafla mahali pasipo na taa, mnageuza boti kwenda kutazama. "Ule mlio ulikuwa habari," alisema. "Huu wako unanipa habari gani?"

Nimesoma maadili kwa miaka mitano sasa, ya kwanza na hii ya umahiri, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo kwenye mtihani. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, angenipa njia ya kupumua: fanya utakalo mradi humdhuru mwenzako. Nilimkimbilia. Nilijiambia kero si madhara, na mji huu una spika za baa, mahubiri ya usiku kucha, na bodaboda waliokata sailensa. Kwa nini mimi?

Lakini mwenye kipaza sauti anayeuza sumu ya panya anakwambia bei. Muhubiri anaamini anakuokoa. Hata ukiwachukia, wana neno. Na sikio halina kope. Huwezi kulifumba kama jicho. Kuna kanuni za viwango vya kelele za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lakini sikuhitaji kanuni kujua nilichokuwa nakijua.

Schopenhauer mwaka 1851 aliandika kwa hasira kuhusu waendesha mikokoteni waliokuwa wanapiga mijeledi hewani mitaani bila sababu. Nilipomsoma nilicheka, kisha nikajitambua kwamba mjeledi ni mimi. Ila yeye alilalamikia wenye kufikiri tu, kwamba mlio ule unakata fikra zao. Mimi ninayemkumbuka hakuwa anaandika kitabu. Alikuwa mama muuza samaki, karibu na Mwaloni pale Kirumba, ndoo kichwani na mtoto mkononi. Niliachia mafuta ghafla, bomba likalipuka kwa nyuma. Alichuchumaa. Ndoo ilianguka, na mkono wake mmoja ukamfunika mtoto kichwa. Wenzangu garini walicheka. Nilicheka pia, na sikusimama.

Nimejitetea kwa njia nyingi tangu siku ile. Utetezi ulio karibu na ukweli ni huu: nina miaka ishirini na kitu, nina shahada, sina kazi, na mji huu haunisikii isipokuwa nikikanyaga mafuta. Angalia wenye V8 wanavyopita. Gari zito, vioo vyeusi, kimya kabisa, na kila mtu anasogea. Mwenye uwezo hahitaji kulipua bomba. Kwa hiyo habari niliyokuwa nampa babu ilikuwa fupi sana: nipo. Sidhani kama ni habari ya aibu. Ila niliituma kwa watu waliolala, na bei yake ilikuwa ndoo ya samaki wa mtu mwingine.

Bomba la tatu, lenye swichi, lilinishinda kwa muda mrefu kuliko mengine. Lilionekana kama busara. Kisha nikamkumbuka mchungaji wa Plato mwenye pete ya kumfanya asionekane, nikaona swichi ile ingenifanya mwema mbele ya trafiki na mbele ya babu, halafu Kirumba nimekuwa yuleyule. Ninajijua. Kidole changu kingeifungua.

Nikachukua la pili, lenye masega na sailensa kubwa. Fundi alilichomelea jioni ileile, akawasha, akanitazama kunisoma uso. Mngurumo upo, lakini uko chini, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Niliumia, sitadanganya. Binamu alipolisikia kwenye simu alisema nimeua gari.

Wiki mbili baadaye nilichelewa kurudi, saa nane na nusu hivi. Nilipanda mteremko kimya, nikazima, nikaingia ndani. Asubuhi babu alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Jana umerudi saa ngapi?" aliniuliza. "Nilikaa macho, nikisubiri nikusikie."