Adabu ya Kuchangia Kumbukumbu za Nchi ya Katavi

Ndugu yangu uliyejaaliwa riziki iliyozidi kidogo mahitaji ya nyumba yako, ukijiwa na jamaa wa Mpanda wakakuambia kwamba wamekusanyika ili kuhifadhi habari za kale za nchi ya Katavi, na kwamba wanaomba mkono wako, usifanye haraka ya kufungua mkoba wala haraka ya kuufunga. Sadaka ya namna hii ina adabu zake, nazo ni tafauti na adabu za kumlisha mwenye njaa au kumvisha yatima. Kwa maana mwenye njaa hukutazama usoni, na usipomtendea haki hunung'unika, lakini ukiichangia historia unawatolea wafu wasioweza kushukuru pamoja na watoto ambao hawajazaliwa, na mahali pasipo wa kushukuru wala wa kunung'unika ndipo nafsi ya mtoaji hupata upenyo wa kufanya ipendavyo.

Kwa hiyo nasaha ninayoitanguliza mbele ya zote ni kwamba fedha yako inunue karatasi, makabati na nauli, lakini isinunue maneno. Nchi hii si ya ukoo mmoja. Wabende na Watongwe wana habari zao, Wapimbwe na Wakonongo wana zao; Wafipa wametoka kusini, Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao; na huko Katumba na Mishamo walipokewa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania kwa mujibu wa sheria. Sasa, mtu akitoa bati za jengo zima kisha akakaa kitako kutazama ni nani atakayeandikwa kwanza, na kama babu yake ataitwa mtemi au ataitwa mpagazi wa mtemi, huyo hakutoa sadaka bali amefanya biashara, na bidhaa aliyoinunua ni mali ya watu wengine. Nimewasikia wenye kusema kwamba aliyetoa ana haki ya kusikilizwa. Naam, anayo, kwa kadiri ile ile ya mwanachama aliyetoa shilingi elfu mbili, wala haizidi hapo. Ikiwa babu yako alikuwa mpagazi, basi mwache abaki mpagazi, kwani wapagazi ndio waliobeba karne nzima ya kumi na tisa vichwani mwao kutoka ziwani hadi pwani, na habari zao zimeandikwa kwa uchache mno kuliko za wale waliowalipa ujira.

Wala usione haya kutoa kidogo, ilimradi kidogo hicho kirudi kila mwezi. Yupo mtu mmoja wa Karema ambaye habari zake zinanifanya niamini jambo hili. Adrien Atiman alizaliwa mbali, katika nchi za Mto Niger. Akatekwa utotoni na wauza watumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta, kisha akaletwa Karema, pale ambapo Wabelgiji walijenga kituo chao mwaka 1879 na kuwaachia mapadre hao mwaka 1885. Aliwasili miaka michache baadaye, akaoa mke wa nchi hiyo, akatibu wagonjwa kandokando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha yake aliyasimulia mwenyewe, nayo yakachapishwa mwaka 1946 katika jarida liitwalo Tanganyika Notes and Records, lililokuwa limeanza miaka kumi kabla. Jarida kama hilo halikuishi kwa tajiri mmoja aliyekuja na ngoma na tarumbeta. Lilihitaji wasomaji waliolipa ada yao ya mwaka, tena wengi wao bila ya kujua kwamba katika shilingi zile imo sauti ya mzee wa Karema. Lakini je, ziko wapi sauti za wale waliomletea wagonjwa wao kwa mitumbwi? Hao hawakupata jarida, nao ndio wanaohitaji ada yako ya leo.

Tena kutoa si fedha peke yake. Huenda nyumbani kwako, nyuma ya kabati au chini ya godoro la bibi, ipo picha ya wakati wa mgodi, ule mgodi wa madini ya risasi uliofanya reli ivutwe kutoka Kaliua hadi Mpanda baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ukafungwa mnamo mwaka 1960 na kuacha mji umekaa ukingoja kazi nyingine. Picha ya namna hiyo ukiitoa mikono mitupu, yaani bila majina, umetoa nusu yake. Keti kwanza na mkubwa aliyebaki katika ukoo, muulize mmoja mmoja waliosimama mstari wa mbele kuanzia kushoto, muulize aliyevaa kofia ni nani na kwa nini huyu wa pembeni hana viatu. Kisha igeuze picha na uandike nyuma yake, ukingoni, kwa penseli laini isiyokandamizwa, majina, mahali na mwaka, na kama mwaka haujulikani andika hivyo hivyo kwamba haujulikani. Kalamu ya wino usiitumie, kwa kuwa wino hupenya na kutokea usoni mwa watu. Usiibandike kwa gundi wala kwa seloteipu, na usiiegemeze kwenye ukuta wa udongo, maana mchwa wa Mpanda hawabagui karatasi ya urithi na karatasi ya kufungia sukari. Mambo haya madogo ni sadaka kamili. Na wako watu ambao wangependa kutoa milioni kuliko kukaa na shangazi yao jioni moja kwa penseli.

Katika kuwaendea wazee, shika heshima zako. Piga hodi, amkia, uulizwe habari ujibu, na usitoe daftari kabla hujaelezwa pa kukaa. Kumchukulia mzee sukari na majani ya chai ni uungwana wetu wa siku zote, lakini kumlipa kwa kila hadithi ni kumfundisha kurefusha hadithi. Omba idhini kabla ya kuwasha chombo cha kunasa sauti, na akisema hapana, hapana yake iheshimiwe. Liko pia jambo ambalo vijana wenye bidii hulisahau, kwamba si kila lijulikanalo ni la kuandikwa. Hifadhi ya Katavi imepata jina lake kwa mzimu Katabi, ambaye Wabende husimulia kwamba makao yake ni mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na hadi zama zetu wako waendao pale kutambika. Uwepo wa mti huo na heshima yake vinajulikana na kila mtu na vyafaa kuandikwa. Maneno yasemwayo chini yake ni ya wenyewe, na mchangiaji anayedai kuyaona katika kitabu kwa sababu yeye ndiye aliyelipia kitabu amevuka mpaka.

Vile vile yako mengi ya nchi hii yaliyokwisha kuandikwa lakini yanakaa ugenini. Masimulizi ya wakimbizi wa Mishamo yaliandikwa na mwanazuoni Liisa Malkki katika kitabu kilichotoka Chicago mwaka 1995, na karatasi nyingi za mapadre ziko Roma. Kulipia nakala moja ije Mpanda ni jambo jepesi, nami sioni sababu ya kulichelewesha.

Kwa upande wa wapokeaji sina maneno mengi, ila amana ni amana. Wawe wameandikishwa kwa sheria, mweka hazina asiwe shemeji wa mwenyekiti, stakabadhi itolewe hata kwa shilingi mia tano, na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, wenye kusoma na wasiojua kusoma. Wewe nawe ukidai hesabu, idai kwa upole na hadharani. Usimshike mtu pembeni sokoni ukamsimanga kwa fedha uliyotoa, kwa maana masimango hula thawabu yote. Na wakitaka kuchora jina lako juu ya mlango, waambie waliandike katika daftari la mapokezi, mstari mmoja na wengine, kwa mwandiko ule ule.

Limebaki jambo la mwisho, ambalo watu huliogopa kwa kuwa lanuka kifo. Vyama hufa kama wafavyo waasisi wake, na mara nyingi vitu vilivyokabidhiwa hubaki katika chumba cha mtu ambaye warithi wake hawajui ni nini. Kwa hiyo siku ya kukabidhi andikeni hati mbili zinazofanana, moja ikae kwenu na moja kwao, zikiorodhesha kila kitu kilichotolewa, zikisema kama umekitoa kabisa au umekiazima tu, na zikitaja waziwazi kwamba chama kikivunjika vitu hivyo vitapelekwa wapi: virudi kwa ukoo, au viende Nyaraka za Taifa, au Makumbusho ya Taifa huko Dar es Salaam. Wanao waonyeshe hati hiyo ilipowekwa, ungali hai na una nguvu ya kuwaeleza.