Utii kwa Serikali na Haki ya Mtu Aliyefungwa

Katika vijiji vya Kampene, wilaya ya Pangi, watu wengi huishi kwa shamba na kwa machimbo ya dhahabu. Hutokea kijana wa machimbo akakopa fedha, na deni likimshinda akatoroka usiku. Mwenye mali huenda kushitaki kwa polisi. Askari wakifika wasimkute kijana, humkamata baba yake mzee, naye hulala katika kasho mpaka mwanawe aonekane. Siku tatu zapita, siku tano zapita. Mama wa nyumba huuza mbuzi ili apate cha kumpa askari. Na majirani wakiulizwa kwa nini wamenyamaza, hujibu: Serikali ni Serikali, na mkristu hufundishwa kutii.

Jibu hilo si la uwongo, lakini halikutimia. Ni kweli Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakristu wa Roma wazitii mamlaka zenye kutawala. Lakini Paulo huyo huyo, alipopigwa na kutiwa gerezani katika mji wa Filipi pasipo hukumu, alikataa kutolewa kwa siri. Aliwataka wakubwa wa mji waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa yeye alikuwa raia wa Roma, na sheria ya Roma ilikataza jambo walilomtendea. Hakumpiga askari, wala hakukimbia, ingawa usiku ule milango ilikuwa imefunguka. Aliwakumbusha wakubwa sheria yao wenyewe. Je, alikosa utii? Hata kidogo.

Askari naye yu chini ya sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 17, yasema kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumfunga ni jambo lisilo la kawaida. Kifungu hicho hicho chakataza mtu kukamatwa kwa tendo la mwingine. Basi baba hafungwi badala ya mwana. Kifungu cha 18 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, tena kwa lugha anayoifahamu. Aruhusiwe mara moja kupeleka habari kwa jamaa yake au kwa mtetezi wake. Wala asikae mikononi mwa polisi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, ama aachiliwe, ama akabidhiwe kwa wakubwa wa sheria. Na kifungu cha 61 chakataza kumfunga mtu kwa ajili ya deni, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Mwenye mali hakunyimwa haki yake: deni hudaiwa mbele ya hakimu. Na kama kijana alidanganya, kosa ni la kijana.

Waingereza wana amri ya mahakama iitwayo kwa Kilatini habeas corpus, waliyoitia nguvu kwa sheria ya mwaka 1679. Hakimu humwagiza mwenye kumshika mtu amlete mtu huyo mbele yake, tena aonyeshe ni kwa sheria gani amemshika. Asipoweza, mfungwa huenda kwake. Sheria za Kongo zilitoka kwa Wabelgiji, wala hazitumii jina hilo. Huko malalamiko hupelekwa Parke, kwa mwendesha mashtaka wa Serikali, ambaye maofisa wa upelelezi wa polisi wako chini ya usimamizi wake.

Uganda ilirithi sheria ya Waingereza, na huko amri hiyo iligharimu damu. Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, aliyekuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru wa mwaka 1962, alikuwa Jaji Mkuu katika siku za Idi Amin. Mwezi wa Septemba 1972 aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyeshikwa na wanajeshi, kwa kuwa hawakuwa na mamlaka ya kumkamata. Tarehe 21 ya mwezi huo watu wa Amin walimchukua kutoka mahakamani Kampala, wala hakuonekana tena. Na Mwingereza yule hakuwa ndugu yake, wala mtu wa kabila lake.

Je, mama aliyeuza mbuzi ametenda dhambi? Mwenye kulazimishwa hahesabiwi sawa na mwenye kulazimisha, na mama huyo anastahili huruma kuliko lawama. Lakini askari aliyezoea mbuzi atarudi, na mwakani atakuwa mzee wa nyumba nyingine. Safari ya kutoka Kampene hata Kindu ni ndefu, na wakati wa mvua njia ni mbaya. Kwa sababu hiyo wengi huona mbuzi ni rahisi zaidi. Mzigo huo basi haumpasi mama peke yake. Wazee wa kijiji, pamoja na katekista wao, waweza kwanza kwenda kwa mkubwa wa polisi na kumwuliza kwa heshima sababu ya kifungo. Asipowasikiliza, wachange nauli, mmoja wao aende Parke, akichukua karatasi iliyoandikwa jina la mzee, mahali alipofungwa, siku na saa ya kukamatwa kwake, na kosa alilotajiwa, au kwamba hakutajiwa kosa lolote.