Stelingi Hafi

Katika Commando, picha ya mwaka 1985, kuna Porsche ya njano inayopata ajali na kulala ubavu, bodi ya upande mmoja ikikunjamana. Arnold Schwarzenegger, ambaye humo ni komando mstaafu John Matrix, anaisukuma mpaka inasimama, anaingia, anatia moto, anaondoka. Sekunde chache baadaye gari lile lile liko barabarani, zima, halina hata mchubuko. Mhariri alipitiwa, au aliona kwamba sisi hatutajali.

Tunajali sana. Katika kibanda cha video hakosekani wa kupaza sauti kutoka benchi la nyuma, "Fundi kashanyoosha!", na banda zima likaangua kicheko. Wala hakuna anayeinuka kwenda mlangoni kudai kiingilio chake. Kosa limeonekana, limetajwa, limechekwa, na raha imezidi. Korosho yenye madoa inashushwa daraja ghalani na hakuna anayeshangaa. Imekuwaje picha yenye madoa ipande?

Jibu la haraka, ambalo utalisikia kwa watu wazima wenye heshima zao, ni kwamba wanaotazama mambo hayo wameacha akili nyumbani. Hata wapenzi wenyewe hujitetea hivyo: "Ile ni ya kupumzisha kichwa tu." Mimi naona utetezi huo unawadhulumu. Mtu aliyepumzisha kichwa asingeliona lile gari.

Watazamaji ninaowatetea ni wa Newala na Masasi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Masasi iko chini, magharibi, katikati ya milima yake ya mawe. Hiyo ni miji iliyojifunza kutazama sinema katika vibanda umiza: bati juu, turubai jeusi dirishani kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa, televisheni yenye kichogo iliyowekwa juu kabisa ili watu wa nyuma wasilalamike, na jenereta nje inayounguruma kushindana na bunduki za ndani. Mlangoni ubao wa chaki: jina la picha, jina la stelingi, na neno lililokuwa likiuza kuliko yote mawili, IMETAFSIRIWA.

Sauti ya mfasiri ndiyo iliyofanya mikanda ile iwe yetu. Aliyevuma kuliko wote Tanzania ni Derek Mukandala, Lufufu, ambaye nakala zake zilisambaa kutoka Dar es Salaam mpaka kwenye vibanda vya wilayani. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wana mafundi wao, na pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 Who Killed Captain Alex?, ambayo leo karibu kila mtu anaijua ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, akiisifu, akiicheka, akiwatangaza waigizaji kama mtangazaji wa mpira. Anayeita kazi ya watu hawa tafsiri hajawahi kuwasikiliza. Wanakwambia adui anawaza nini. Wanakuonya kwamba yule mwenye miwani ni msaliti kabla picha haijakuonyesha. Mzungu anapoongea dakika nzima, wao wanamaliza kwa maneno matatu, kisha muda uliobaki wanautumia kuyasema mavazi yake.

Sasa jaribu kumpa Lufufu picha iliyokamilika, ile ambayo kila kimya kimepimwa na kila jicho la mwigizaji linasema jambo. Ataiharibu. Haina pa kuingilia. Kazi iliyokamilika inamtaka mtazamaji anyamaze, apokee, ashukuru. Picha mbovu ina mianya: maongezi matupu, sababu zisizoeleweka, gari linalojiponya. Mwanya ni ubovu ukiwa peke yako mbele yake. Wakiwemo watu na mfasiri, ni mahali pa kuingiza mkono. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu raha hii: tunafurahia kazi iliyotuachia kazi.

Kanuni ya picha za aina hii, ile inayowachosha wahakiki, inafanya jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Stelingi hafi. Kila mtoto kibandani anajua. Binti wa Matrix aliyetekwa atarudi salama, Bennett, adui wa Matrix, atakufa mwisho na atakufa vibaya kuliko wenzake. Ukishaondolewa wasiwasi wa nani atashinda, akili inabaki na nafasi ya kuangalia atashindaje, na kubishana, na kumpigia kelele mtu wa kwenye kioo, "Mgongoni! Mgongoni!", ingawa unajua hakusikii na unajua hatapigwa. Aristotle aliuweka mpangilio wa matukio juu ya vyote katika tamthilia, na mambo ya kuonwa kwa macho akayashusha chini. Lakini wasikilizaji wa Kigiriki nao walikwenda wakijua tayari yatakayompata Oedipo. Kujua mwisho hakukuwaharibia kitu.

Na huku uwandani watu hawakungoja Wagiriki wala Hollywood wawafundishe. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema, sinema yenyewe ikiwa na umri wa miaka 10 na ushei, akapiga picha za ngoma. Watu wa huku, kwa maana hiyo, walianza kuwa ndani ya kioo kabla ya kukaa mbele yake. Alichokuta ni utazamaji usiojua kukaa kimya: mwenye kucheza yuko katikati, na duara linaimba, linapiga makofi, linamkosoa, linambadilisha. Chukua mapiko, vinyago vya jando. Aliyepita jandoni anajua fika kwamba chini ya sura ile ya mbao kuna mtu, pengine jirani yake, na pengine anamtambua kwa miguu. Mapiko mengine yamechongwa sura za wageni, Mzungu, Mhindi, askari, kwa kejeli isiyojificha. Ujuzi huo hauwafanyi watu wakae wamenuna. Unawapa uhodari wa kuogopa na kucheka kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo ukimwekea Arnold akiwa amebeba gogo zima begani kama mwamvuli, hatakuuliza kama inawezekana. Atauliza kalibebea wapi.

Kuna maelezo mengine yanayopendwa, kwamba watu wa mikoani hutazama mambo haya ili kusahau shida. Yana chembe ya ukweli. Mkulima wa korosho hajui bei yake mpaka mnada upite. Msimu wa 2018 minada ilikwama kwa sababu bei ilikuwa ndogo, na mwezi Novemba Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yaje kubeba. Hakuna mtunzi wa filamu ambaye angethubutu kuandika hivyo. Katika maisha ambamo hata mwisho wa msimu haujulikani, mwisho unaojulikana ni anasa. Lakini maelezo haya yananiacha na mashaka. Picha zile zile hutazamwa Masaki, Dar es Salaam, kwenye sofa na watu wasio na deni la pembejeo. Tena kibanda hakijai miezi ya njaa, kinajaa korosho zinapolipwa, watu wanapokuwa na pesa mfukoni na moyo mweupe. Mwenye shida halali kwenye benchi la mbao. Analala nyumbani.

Mwanafalsafa Kant wa Königsberg angenisaidia zaidi kama angefika Newala. Alitenganisha kinachopendeza tu, ambacho kila mtu ana chake na hakuna ugomvi, na kizuri, ambacho ukikitaja unadai wengine wote wakubaliane nawe. Commando haikai sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Hakuna anayesema ni kazi nzuri. Hata hivyo kibandani makubaliano yanadaiwa, na kwa ukali: asiyecheka lile gari linapopona ataulizwa amefuata nini. Kinachodaiwa hapo ni ushirika wako, na hukumu yako unaruhusiwa kubaki nayo. Huo ni ulazima wa tatu ambao mzee wa Königsberg hakuuandikia kitabu, pengine kwa kuwa hakukaa benchi moja na watu arobaini na jenereta moja.

Lipo jambo ambalo haliishi kwa kicheko. Uwanda huu unatazamana na Msumbiji. Vita ya FRELIMO ilianza ng'ambo ya Ruvuma Septemba 1964, na waliovuka kukimbia walikuwa ndugu, si wageni. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto huo huo wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Kwa watu wa hapa bunduki si kitu cha kwenye kioo tu. Je, ni utovu wa adabu kumshangilia Matrix akimaliza kisiwa kizima?

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu kuliko linavyostahili picha ya dakika 90. Naona ubovu wenyewe unatoa kinga. Katika vita ya mwisho ya Commando, ukitazama vizuri, baadhi ya askari wanaorushwa na mabomu ni masanamu yaliyosimamishwa. Unaona kabisa kuwa hayana uhai wa kutoka. Picha hiyo haina uwezo wa kumdanganya mtu aliyesikia mlio wa kweli. Ninayoiogopa ni ile iliyotengenezwa vizuri, yenye vumbi la kweli na damu ya kweli, inayodai kukufundisha vita ilivyo kumbe inakufundisha nani wa kuliliwa.

Ingawa hata picha mbovu ina udanganyifu ambao hatuuchekelei kwa sababu hatuuoni. Masanamu yale tumeyaona. Kwamba nchi ya Val Verde inayotajwa humo ni ya kubuni na watu wake wapo ili wafe bila majina, tulipitiwa, kama mhariri na Porsche yake. Tanzania ya miaka ya sabini ilikuwa upande wa Vietnam waziwazi, na muongo uliofuata vijana wake walimshangilia Rambo akiwateketeza Wavietnam, mpaka jina lake likawa la mfuko wa plastiki, ule uliopigwa marufuku Juni 1, 2019. Hapa naona wafasiri walikuwa mbele ya watazamaji. Nimewasikia wakimpa jina askari anayekaribia kufa, wakimtajia mke na mkopo alioacha, kisha anapigwa risasi na banda linasema "Masikini!" kabla ya kucheka. Mwanya mwingine umeonwa na umetiwa mkono.

Siku hizi vibanda vingi vinaishi kwa mpira wa Ulaya, na Commando imehamia kwenye simu. Sina kinyongo na simu. Pale stendi ya Masasi utakuta bodaboda wanne wameinamia kioo kimoja, sauti ya mfasiri ikitoka kwa nguvu zote, mmoja akisimulia mbele ya picha kwa sababu alishaiona. Hao wamebeba kibanda chao mfukoni. Ninayemshangaa ni mtu mzima anayejifungia chumbani na Arnold, rimoti mkononi, akiruka maongezi ya kipuuzi ili afike kwenye risasi. Huyo ndiye aliyeacha akili nyumbani, na yuko nyumbani.